Wingi wa Visima Si Wingi wa Mafuta

Jioni Benaco, wilayani Ngara mkoani Kagera, huwa ya malori. Matangi ya mafuta yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam yanapaki kandokando ya lami, mengine yakingoja kuche yashuke Rusumo na kuingia Rwanda, mengine yakielekea Ngara mjini na Kabanga, mpakani mwa Burundi. Utingo anazunguka lori na kipande cha chuma mkononi, anagonga tairi moja moja na kutega sikio. Tairi lililopungua upepo humjibu kwa mlio mzito. Dereva kakaa kwa mama lishe, sahani ya ndizi mbele yake, na mazungumzo ya mezani ni yaleyale: bei mpya za EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, foleni ya mpakani na, siku hizi, bomba.

Bomba lenyewe, yaani Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki ambalo wengi wamezoea kuliita EACOP, halipiti Benaco. Linaingia nchini kutoka Uganda upande wa Missenyi, linashuka kupitia Bukoba Vijijini na Muleba hadi wilaya jirani ya Biharamulo, kisha linaiacha Kagera na kuingia Geita, na safari yake inaishia Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko katika ardhi ya Tanzania. TotalEnergies ya Ufaransa inamiliki asilimia 62 ya hisa, Uganda kupitia shirika lake la mafuta, UNOC, ina 15, Tanzania kupitia shirika lake, TPDC, ina 15, na CNOOC ya China ina 8.

Wapo wanaoamini kwamba bomba likianza kazi, petroli ya Ngara itashuka bei. Haitashuka kwa sababu hiyo. Kitakachopita Biharamulo ni mafuta ghafi yenye nta nyingi, mafuta yanayoganda yasipotunzwa katika joto la zaidi ya nyuzi 50, ndiyo maana bomba limevikwa kizuia joto na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha moto njia nzima. Mafuta hayo yanakwenda kupakiwa melini na kuuzwa nje. Petroli ya Benaco itaendelea kuja kwa lori, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Faida ya Tanzania iko kwingine: kodi, ajira, gawio la hisa za TPDC na nauli inayolipwa kwa kila pipa linalosafirishwa. Nauli iliyotangazwa wakati mikataba inasainiwa mwaka 2021 ni dola 12.77 kwa pipa. Ukipiga hesabu, mapipa 10,000 yakipungua katika bomba kwa siku moja, nauli inayokosekana ni dola 127,700. Yakipungua hivyo mwaka mzima, zinapotea zaidi ya dola milioni 46 kwa wenye hisa wote, kabla ya mikopo na gharama za uendeshaji. Pipa lisilofika Biharamulo lina uzito wake hadi kwenye hazina ya taifa.

Sasa sikiliza maswali yanayoulizwa kuhusu mradi huu, vijiweni, magazetini, hata bungeni. Bomba limefika asilimia ngapi? Visima vingapi vimekwisha kuchorongwa? Maswali hayo yanajibiwa kwa tarakimu nzuri, tarakimu zinapigiwa makofi, na kila mtu anakwenda nyumbani akidhani ameelewa. Lakini idadi ya visima ni kipimo dhaifu cha mafuta yatakayotoka. Visima viwili vinaweza kuanzia kwenye uwanja mmoja, vikachorongwa kwa mtambo mmoja na kugharimu fedha zinazokaribiana, kimoja kikatoa mafuta kwa miaka mingi na cha pili kikaanza kutoa maji kabla hakijarudisha gharama. Tofauti kubwa huwa ni njia ambayo kila kimoja kimepita chini ya ardhi, na swali la njia hiyo haliulizwi.

Mafuta hayakai chini kama ziwa ndani ya pango. Yamejibana katika vitundu vidogo vya mwamba, mara nyingi mchanga uliogandamana, juu yake kukiwa na gesi au mwamba usiopitisha kitu, na chini yake maji. Tabaka hilo linaweza kuwa pana kilomita nyingi na wakati huohuo kuwa jembamba kwa kimo. Kisima cha wima kikilipitia tabaka la mita 20, kinaligusa kwa mita 20 tu. Kisima kinachoshuka kisha kikapindishwa taratibu hadi kikalala sambamba na tabaka kinaweza kuligusa kwa mita 1,000 au zaidi. Mguso mrefu unamaanisha kwamba mafuta yanaingia kisimani kutoka sehemu nyingi, polepole, bila kuhitaji mvuto mkali mahali pamoja.

Ukali huo wa mvuto ndio kiini cha mambo. Maji yaliyo chini ya mafuta hayatulii pale kisima kinapovuta kwa nguvu. Yanachongoka kwenda juu hadi kwenye mdomo wa kisima. Mnywaji wa lubisi, pombe ya ndizi, pale Kagera anajua kwamba mrija ukizamishwa hadi chini ya kibuyu na kuvutwa kwa pupa, kinachokuja mdomoni ni mashapo. Kisimani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yakishapata njia ndani ya mwamba hayaiachi kirahisi. Yanapita kwa wepesi kuliko mafuta mazito, na kuanzia hapo kila pipa la mafuta linatoka pamoja na mapipa kadhaa ya maji ambayo ni lazima yatenganishwe, yasafishwe na kurudishwa ardhini kwa gharama.

Hapa ndipo mita chache zinapokuwa na thamani ya mamilioni. Kisima cha mlalo kikipita juu mno, kinavuta gesi. Kikipita chini mno, kinavuta maji. Kikiyumbayumba, kikapanda na kushuka njiani, sehemu za mabondeni zinajaa maji na mchanga, na sehemu za vilimani zinakusanya gesi, na vyote viwili vinaziba njia ya mafuta. Katika visima vya gesi mabonde hayo ni hatari zaidi, kwa sababu kadiri nguvu ya gesi inavyopungua na miaka, gesi inashindwa kuyasukuma maji yaliyotuama, na kisima kinaweza kukaba kikiwa bado kina akiba kubwa mbele yake. Kona kali nazo zina adhabu yake: mabomba ya chuma yanayoshushwa kisimani yanasuguana na kuta, na pampu ya umeme haipendi kukaa mahali palipopinda.

Urefu nao una mipaka. Mafuta yanayoingia mwisho kabisa wa kisima yanalazimika kusafiri ndani ya bomba lote la mlalo hadi kwenye pindo, pale kisima kinapoanza kulala, na njiani msuguano unayapunguzia nguvu. Matokeo yake, sehemu iliyo karibu na pindo inavuta kwa nguvu kuliko ncha ya mbali. Maji hupenya hapo kwanza, ilhali mafuta ya nchani yamebaki yalivyo. Kurefusha kisima bila kulitatua hilo ni kununua mita zisizofanya kazi.

Zaidi ya hayo, kulala sambamba kabisa si lazima kuwe bora. Mwamba uliotokana na mito na maziwa ya kale, kama ulivyo mwamba wa bonde la Ziwa Albert yanakotoka mafuta ya bomba hili, una mchanga uliotenganishwa na tando za udongo wa mfinyanzi. Tando hizo, hata zikiwa nyembamba, zinazuia mafuta yasipande wala kushuka. Kisima kilicholala chini ya utando mmoja kinaweza kuyakosa mafuta yote yaliyo juu yake kwa umbali wa hatua chache. Mahali pa namna hiyo, kisima kinachokwenda mshazari na kukata tando kadhaa kinaweza kukishinda kilichonyooka vizuri kwenye ramani.

Na anayechoronga haoni kitu. Kekee iko umbali wa kilomita kadhaa, ndani ya giza na joto. Nyuma yake vimefungwa vipimo vinavyosoma mwelekeo wa kisima, mionzi ya asili ya mwamba na jinsi mwamba unavyozuia umeme, kwa kuwa mwamba wenye mafuta huzuia umeme kuliko wenye maji ya chumvi. Taarifa hizo hupanda juu kama mapigo ya shinikizo ndani ya tope la kuchorongea, na mtaalamu aliyeketi mbele ya skrini anaamua: panda nusu digrii, shuka kidogo, endelea. Uamuzi huo wa dakika chache ndio unaobaki ardhini kwa miaka 25.

Dunia ilijifunza haya kwa muda mrefu. Mwaka 1953, huko Bashkiria katika Umoja wa Kisovieti, mhandisi Alexander Grigoryan alichoronga kisima chenye matawi mengi ndani ya tabaka la mafuta. Gharama yake ilikuwa takriban mara moja na nusu ya kisima cha kawaida, na mazao yakawa mara 17. Mwaka 1982 kampuni ya Elf ya Ufaransa ilichoronga kisima cha mlalo katika eneo la Rospo Mare, baharini upande wa Italia, penye mafuta mazito na maji ya chini yenye nguvu; kisima hicho kilitoa takriban mara 20 ya visima vya wima vya jirani. Pale Wytch Farm, kusini mwa Uingereza, BP ilivuka kilomita 10 za umbali wa mlalo mwaka 1998 ikianzia nchi kavu na kufuata mafuta yaliyo chini ya bahari, badala ya kujenga kisiwa cha kuchorongea.

Lakini mfano ambao Watanzania wangepaswa kuusoma mstari kwa mstari ni wa Norwei. Troll, katika Bahari ya Kaskazini, liligunduliwa mwaka 1979 kama eneo kubwa la gesi. Chini ya gesi hiyo kulikuwa na mafuta, yakiwa katika tabaka la mita 22 hadi 26 sehemu moja, na mita 11 hadi 13 tu sehemu nyingine, yamebanwa kati ya gesi juu na maji chini. Kwa visima vya wima mafuta hayo hayakuwa na faida ya kibiashara, na wengi walikuwa tayari kuyaacha. Norsk Hydro iliamua kujaribu visima vya mlalo, na mafuta yakaanza kutoka mwaka 1995. Katika sehemu zile nyembamba kisima kilielekezwa kipite karibu kabisa na mpaka wa maji, mita moja hivi juu yake, ili gesi iliyo juu ichelewe kufika. Tatizo la pindo na ncha nalo lilitatuliwa hukohuko, kwa kuweka vidhibiti vidogo kando ya bomba la mlalo vinavyobana sehemu zinazovuta kupita kiasi ili ncha ipate zamu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tabaka lililokuwa limekatiwa tamaa lilikuwa likitoa zaidi ya mapipa 400,000 kwa siku.

Norsk Hydro iliunganisha biashara yake ya mafuta na Statoil mwaka 2007, na kampuni hiyo leo inaitwa Equinor. Ndiyo hiyohiyo Equinor inayoendesha Kitalu namba 2 katika bahari ya kina kirefu ya Tanzania, penye sehemu kubwa ya gesi yetu. Ujuzi wa Troll uko mezani katika mazungumzo ya serikali na kampuni kuhusu mradi wa gesi wa Lindi. Ni juu ya upande wa Tanzania kuuomba.

Upande wa pili wa hadithi unatoka Oman, nchi ambamo maelfu ya wazee wanaozungumza Kiswahili waliishi na kufanya kazi, baadhi yao wakiwa watumishi wa kampuni ya mafuta ya PDO baada ya kurejea kutoka Zanzibar na mwambao. Yibal, lililogunduliwa mwaka 1962, lilikuwa eneo kubwa la mafuta kuliko yote nchini humo. Katika miaka ya 1990 PDO, ambayo Shell ina hisa zake, ilichoronga huko visima vingi vya mlalo. Uzalishaji ulipanda hadi zaidi ya mapipa 200,000 kwa siku mwaka 1997, na kwa aliyekuwa akitazama tarakimu za mwezi huo peke yake, kazi ilikuwa imefanikiwa. Kisha ukaporomoka. Miaka michache baadaye ulikuwa umeshuka chini ya nusu ya kilele chake, na kinachotoka kisimani kwa sehemu kubwa kilikuwa maji. Mwaka 2004, wakati Shell ilipokiri kwamba ilikuwa imetangaza akiba kubwa kuliko iliyostahili katika nchi mbalimbali, hali ya Yibal ilikuwa miongoni mwa habari zilizoishtua dunia ya mafuta.

Teknolojia ilikuwa ile ile ya mlalo. Troll liliyapata mafuta ambayo yasingepatikana kabisa. Yibal liliyatoa haraka mafuta ambayo yangetoka, na maji yakafuata nyuma yake. Kisima cha mlalo kinaweza kuongeza jumla ya mafuta yatakayovunwa, na kinaweza pia kuongeza tu kasi ya kuyavuna. Mtu asiyeona njia ya kisima, mahali maji yalipo na jinsi sehemu ya maji inavyopanda mwezi hadi mwezi hawezi kutofautisha mambo hayo mawili hadi awe amechelewa.

Turudi Uganda, chanzo cha mafuta yatakayopita Biharamulo. Akiba iliyoko ardhini inakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, na kinachotarajiwa kutolewa ni takriban bilioni 1.4. Msomaji azitazame tarakimu hizo kwa makini: zaidi ya robo tatu ya mafuta yatabaki chini. Kila asilimia moja ya nyongeza, inayotokana na kisima kilichopitishwa mahali pazuri na maji yaliyosukumwa kwa mpango, ni mapipa milioni 65, na njia yake ya kwenda baharini ni hili bomba.

Eneo la Kingfisher, linaloendeshwa na CNOOC, liko chini ya Ziwa Albert. Hakuna mtambo juu ya maji. Visima vyote 31, yaani 20 vya kuzalisha na 11 vya kurudishia maji ardhini, vimepangwa kuanzia kwenye viwanja vinne katika uwanda wa Buhuka, wilaya ya Kikuube, kisha kwenda mshazari hadi chini ya ziwa. Rais Yoweri Museveni alizindua uchorongaji huo tarehe 24 Januari 2023. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo: kisima cha kwanza cha Kingfisher, kilichochorongwa na Heritage Oil, nacho kilianzia ufukweni na kupinda kuelekea ziwani, na majaribio yake yalitoa kwa jumla zaidi ya mapipa 13,000 kwa siku. Kwa wavuvi wa Ziwa Albert, ambalo Uganda na Kongo zinalichangia, kutokuwepo kwa mitambo majini ni jambo kubwa, na sifa hiyo visima vya kupinda vinaistahili.

Tilenga, ya TotalEnergies, ni kubwa zaidi: visima zaidi ya 400 vya mshazari na vya mlalo kutoka viwanja 31, vikilenga mapipa 190,000 kwa siku, ilhali Kingfisher inalenga 40,000. Viwanja 10 kati ya hivyo vimo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Bila visima vya kupinda, idadi ya viwanja ndani ya mbuga ingekuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Bado viwanja 10 ndani ya hifadhi ni vingi, na hoja ya teknolojia isitumike kufunika mjadala wa tembo na twiga wanaosikia mitambo usiku. Matabaka ya Tilenga hayako kina kirefu, kwa hiyo kekee inapata nafasi ndogo ya kupinda kabla ya kufika kwenye mafuta, na mafuta yenyewe ni mazito na yana nta. Karibu nusu ya visima ni vya kurudishia maji ili kulinda nguvu ya mwamba. Hapo njia za visima viwili zinategemeana: kisima cha maji kikikaribia mno kisima cha mafuta, maji yanachukua njia ya mkato na kuyaruka mafuta yaliyo kati yao.

Kwa hiyo mtu akisema "Tilenga imefikisha kisima cha mia moja", au cha mia mbili, ameeleza mtambo umefanya kazi kiasi gani. Hajaeleza bomba litakuwa na mafuta kiasi gani mwaka wa kumi.

Tanzania ina haki ya kuuliza hilo kwa sauti. Mbia mwenye asilimia 15 ya bomba la kusafirishia mafuta anahitaji kujua mafuta yatakavyopungua, lini, na kwa sababu gani. Wanakijiji wa Biharamulo, Muleba na Missenyi waliopisha mkuza wa mita 30 wamezika sehemu ya mashamba yao katika mradi uliopangwa kudumu miaka 25. Siku ya pipa la kwanza imekwisha kusogezwa zaidi ya mara moja. Wanakijiji hao hawastahili kupewa tarakimu za kilele tu, mapipa 230,000 ya Tilenga na Kingfisher kwa pamoja, kama vile kilele hudumu. Hakuna eneo la mafuta duniani linalobaki kileleni.

Utasikia majibu mawili. La kwanza ni kwamba mambo haya ni ya kitaalamu mno kwa wananchi. Jibu hilo halina heshima. Dereva wa lori anayekula ndizi Benaco anaelewa mteremko, kona, uzito na msuguano kuliko wengi wanaomsemea, na mkulima wa Kagera aliyewahi kuchimba kisima cha maji anajua kwamba hatua kumi upande huu au ule zinaweza kuwa tofauti kati ya maji na mwamba mkavu.

Jibu la pili ni kwamba njia ya kisima ni siri ya biashara. Norwei inalikanusha kila siku. Mamlaka yake ya mafuta inachapisha orodha ya kila kisima, mahali kilipoanzia, kina chake na kusudi lake, na uzalishaji wa kila eneo la mafuta mwezi kwa mwezi. Data ghafi za visima hufunguliwa kwa umma baada ya miaka miwili. Kampuni hazijaikimbia nchi hiyo. Zinajifunza kutokana na makosa ya jirani, na mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuketi na data halisi akauliza kwa nini kisima kimoja kilishinda na kingine kikashindwa.

Nasi tuna vitalu vyetu. Serikali inakadiria gesi iliyogunduliwa nchini kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, nyingi ikiwa baharini. Mtwara, eneo la Ntorya lilipewa leseni ya uendelezaji mwaka 2024, na mwendeshaji wake, ARA Petroleum, ana asili ya Oman, nchi yenye kumbukumbu ya Yibal. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ndiyo iliyoiunda PURA kusimamia shughuli za utafutaji na uzalishaji, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Vyombo vipo na sheria ipo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuanika taarifa zenyewe: njia ya kila kisima, urefu wa sehemu iliyo ndani ya tabaka lenye mafuta au gesi, na sehemu ya maji katika kinachotoka, kila robo mwaka, kwa lugha ambayo Mtanzania anaisoma.

Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha uhandisi wa petroli. Wahitimu wake wawekwe mbele ya skrini za wachorongaji wa Uganda na baharini kwetu, pale uamuzi wa nusu digrii unapofanyika, wasiishie kwenye usimamizi wa kambi na ghala. Nchi itakayokuwa na vijana 50 wanaojua kuisoma njia ya kisima itajadiliana na kampuni yoyote kwa namna tofauti.

Na wabunge wa Ngara na Biharamulo, ambao wapiga kura wao wanaishi kati ya barabara ya matangi na mkuza wa bomba, wana kazi rahisi ya kuanzia. Katika kikao kijacho Dodoma, wasiulize tena visima ni vingapi. Wamuulize Waziri wa Nishati kama TPDC, kwa niaba ya Watanzania, imeuona mpango wa uzalishaji wa Tilenga na Kingfisher hadi mwaka wa 25, visima hivyo vinapita umbali gani kutoka kwenye maji, na lini taarifa hizo zitawekwa hadharani.